Televisheni Mpya, Picha Mbaya: Uchambuzi wa Kisa cha Vioo Vinne

Malalamiko yaliyoletwa kwangu yalikuwa mafupi. Mzee mmoja, aliyetazama televisheni ya chogo ya inchi 29 kwa miaka mingi, alinunuliwa na wanawe televisheni bapa ya LCD ya inchi 55 yenye pikseli (nukta za picha) 3840 kwa 2160, na haikupita hata wiki ya tatu akataka ile ya zamani irudishwe mahali pake. Wanawe waliona ni mazoea tu, kwa kuwa wao walipotazama kioo hichohicho, katika sebule hiyohiyo, waliona picha safi kuliko yoyote waliyowahi kuwa nayo nyumbani. Niliitwa kama fundi ili niamue ni nani aliye sahihi, na nakiri kwamba kabla sijafika nilikuwa nimekwisha kuegemea upande wa vijana.

Mzee alikuwa na hoja nne, na alizitaja bila kusitasita. Watangazaji wamenenepa. Nyasi za uwanja wa mpira zimegeuka uji wa kijani. Maandishi ya habari yanayopita chini ya kioo hayasomeki vizuri, na mpira ukipigwa kwa nguvu unaota mkia. Usiku taa zikizimwa, giza lililomo kwenye picha si giza bali ni moshi. Ni rahisi kuziweka hoja hizi nne katika kapu moja na kusema kwamba jicho lake limezoea cha zamani, lakini kila moja ilikuwa na chanzo chake, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyotokana na mazoea.

Ili nisilinganishe vitu viwili tu na kudhani nimelinganisha enzi mbili, niliomba vioo vingine viwili, bapa lakini vya aina tofauti na LCD, viletwe sebuleni: televisheni ya plazma ya inchi 42 iliyokuwa kwa mmoja wa wanawe, na televisheni ya OLED ya inchi 55 niliyoazimwa na mteja wangu kwa siku mbili. Vioo vyote vinne vilipokea picha kutoka kwenye kisimbuzi kimoja, kwa zamu, na kiti cha kutazamia kilikuwa umbali wa mita 2.5.

Nilianza na wanene, kwa sababu hilo lilikuwa jepesi. Kisimbuzi kilikuwa bado kimeunganishwa kwa waya wa AV wenye vichwa vitatu, njano, nyekundu na nyeupe, uleule uliokuwa ukiingia kwenye chogo, na katika menyu yake umbo la kioo lilikuwa limebaki 4:3, yaani ule uwiano wa upana na kimo wa televisheni za zamani. Kwa hiyo kisimbuzi kilikuwa kikikata kingo za kushoto na kulia za kila picha pana ili itoshe kwenye kioo ambacho hakikuwapo tena, kisha televisheni mpya ikakivuta kipande kilichobaki kijaze upana wa 16:9. Ukivuta umbo la 4:3 hadi 16:9, kila kitu kinaongezeka upana kwa theluthi moja, nyuso zikiwemo. Mzee hakukosea hata kidogo, na kinachonishangaza ni kwamba vijana walikuwa wamewatazama watangazaji hao wanene kwa wiki tatu bila kuona chochote.

Waya huohuo ulikuwa na madhara mengine. Katika waya wa njano, habari za mwangaza na habari za rangi husafiri zikiwa zimechanganywa, na televisheni inapozitenganisha haiwezi kuzitenganisha kabisa. Mabaki yake ni vijidoti vinavyotambaa pembezoni mwa rangi kali, na upinde wa mvua unaojitokeza kwenye shati lenye mistari myembamba. Chogo nalo lilikuwa na mabaki hayohayo, ila kioo chake kilikuwa kidogo na mwale wake ulikuwa na ukingo laini, hivyo uchafu ulizama ndani ya picha. Nyuma ya kisimbuzi kulikuwa na tundu la HDMI ambalo halikuwahi kutumika, kwa kuwa chogo halikuwa na mahali pa kulipokelea. Nilichomeka waya wa HDMI, nikabadilisha umbo kuwa 16:9, na chaneli zinazorushwa kwa ubora wa juu zikaonekana katika sebule ile kwa mara ya kwanza.

Hapo wanawe walitarajia kwamba kesi imekwisha. Kwenye chaneli za ubora wa juu nyasi zilirudi kuwa nyasi. Kwenye chaneli za kawaida, ambazo ndizo mzee anazozipenda, uji ulibaki uji, na hapa ndipo hoja yake ya pili inapohitaji hesabu.

Picha ya kawaida ya kidijitali inayotokana na mfumo wa mistari 625 ina mistari 576 inayoonekana, na kila mstari una pikseli 720, yaani pikseli 414,720 kwa jumla. Kioo kipya kina pikseli 8,294,400, ambazo ni mara 20 kamili. Maana yake ni kwamba katika kila nukta 20 zinazowaka kwenye kioo hicho, habari iliyorushwa inatosha nukta moja, na zile 19 zilizobaki televisheni inazikisia kwa kuangalia majirani zake. Kukisia huko hufanywa kwa ustadi mkubwa siku hizi, lakini hakuna ustadi unaoweza kurudisha unyasi ambao mrushaji aliuondoa alipobana picha ili chaneli nyingi zitoshe katika masafa machache. Nyasi ndizo za kwanza kuumia katika kubanwa huko, kwa kuwa ni vitu vidogo vingi vinavyosogea vyote kwa pamoja kila kamera inapogeuka.

Ukubwa wa kioo nao una neno lake. Jicho lenye uwezo wa kawaida hutenganisha vitu viwili vinavyoachana kwa takriban sehemu moja ya 60 ya digrii. Chogo la inchi 29 lina kioo kinachoonekana chenye ulalo wa sentimita 68 na kimo cha karibu sentimita 41. Ukigawa kimo hicho kwa mistari 576, kila mstari unapata milimita 0.7, na mistari hiyo huanza kuungana machoni mtu anapokaa mita 2.4 kutoka kwenye kioo. Kiti cha mzee kilikuwa mita 2.5. Kwa miaka yote hiyo alikuwa ameketi, pengine bila kujua, mahali ambapo kasoro za picha ya kawaida zinatoweka. Kioo cha inchi 55 kina kimo cha sentimita 68.5, na mstari uleule ukitandazwa juu yake unapata karibu milimita 1.2, kwa hiyo mtazamaji angelazimika kurudi nyuma hadi mita 4.1 ili apate utulivu aliouzoea. Ukuta wa sebule haukuruhusu. Kwa upande mwingine, ili afaidi pikseli zote za kioo kipya kwa picha iliyorekodiwa kwa ubora wake kamili, angelazimika kusogea hadi mita 1.1 hivi. Alikuwa ameketi mahali ambapo ni karibu mno kwa picha ya zamani na ni mbali mno kwa picha mpya, na hali hiyo imeenea kuliko wauzaji wanavyopenda kukiri.

Plazma ilitoa ushahidi mzuri katika jambo hili. Kioo chake kina pikseli 1024 kwa 768 tu, idadi ambayo leo mtu angeicheka hata kwenye simu, lakini kwa chaneli za kawaida na kwa umbali ule wote waliokuwapo sebuleni, vijana wakiwemo, waliichagua kuliko ile mpya. Hawakuwa wameambiwa idadi ya pikseli.

Nilipofika kwenye hoja ya giza nilifanya kosa ambalo limenifunza zaidi kuliko vipimo vyote. Nilizima taa, nikasimama mbele ya televisheni mpya pamoja na vijana, nikatazama onyesho la usiku, na nikaona weusi wa kutosha. Nilikuwa karibu kuandika kwamba mzee ametia chumvi. Kisha miguu ikachoka, nikaketi kwenye kiti chake, kiti ambacho kiko pembeni karibu na dirisha na kinatazama kioo kwa mshazari, na picha yote ikapauka mbele yangu. Weusi ukawa kijivu, nyekundu ikafifia, na ngozi za watu zikaonekana kama zimepakwa vumbi. Vijana hukaa kwenye kochi lililo mbele ya kioo. Kwa wiki tatu familia hiyo ilikuwa ikibishana juu ya picha mbili tofauti huku kila upande ukidhani unazungumzia picha moja.

Sababu iko katika namna LCD inavyotengeneza giza. Katika chogo, bunduki ya elektroni iliyo nyuma ya bomba hupiga unga unaong'aa uliopakwa ndani ya kioo. Pasipotakiwa mwanga, mwale unakatwa na unga unabaki kimya. Katika plazma, kila kijichumba cha gesi huwaka chenyewe. Katika OLED, kila pikseli ni taa yake yenyewe na inaweza kuzimika kabisa. LCD peke yake ndiyo iliyo na taa nyuma ya kioo chote, na kazi ya fuwele za kimiminika ni kufungua na kufunga mapazia mbele ya taa hiyo. Pazia halizuii mwanga wote. Katika vioo vya LCD vya aina ya IPS, weupe huwa ni kama mara 1000 ya weusi. Katika vioo vya aina ya VA, kama hiki cha mzee, huweza kupita mara 3000, lakini ubora huo ni wa anayekaa mbele. Anayekaa ubavuni hupokea mwanga uliopita kwenye fuwele kwa mshazari, ambako pazia halifungi vizuri. Chogo halikujua ubavu wala mbele, na plazma na OLED vilevile: nilipozungusha kiti pande zote za sebule, picha zake zilibaki zilezile.

Haki inadai niseme pia kwamba weusi wa chogo husifiwa kupita kiasi. Ni kweli kwamba kioo kizima kikiwa kimya sebule hubaki gizani, lakini ukiweka dirisha linalong'aa katikati ya onyesho la usiku, mwanga wake unasambaa ndani ya kioo kile kinene na kuyatia ukungu maeneo ya giza yaliyo jirani. Mchana, unga wenyewe ni wa rangi ya kijivu, na mwanga wa dirishani ukiupiga hakuna weusi tena. Nilionyesha onyesho lilelile kwenye OLED, ambako dirisha liling'aa na giza likabaki giza milimita moja kutoka ukingoni mwake, na mzee alinyamaza kwa muda kabla ya kusema kwamba giza kama hilo hajawahi kuliona hata kwenye chogo. Kwa weusi, sidhani kuna ubishi uliobaki baada ya OLED.

Mwendo ndiko nilikokaa muda mrefu zaidi, na ndiko mzee alikokuwa na hoja iliyo ngumu kuliko zote. Watu wengi hudhani mkia wa mpira unatokana na uvivu wa fuwele kubadilika, na zamani ilikuwa hivyo kwa kiasi kikubwa. Vioo vya LCD vya mwanzo vilichelewa kiasi cha kuacha kivuli cha wazi. Kama uvivu ndiyo sababu yote, basi OLED, ambayo pikseli zake hubadilika kwa sehemu ndogo sana ya milisekunde, ingeonyesha mpira usio na mkia hata kidogo. Tuliweka mechi ileile, na mkia ulikuwapo. Ulikuwa na kingo safi zaidi kuliko ule wa LCD, lakini ulikuwapo.

Chanzo chake ni namna picha inavyokaa machoni. Chogo hupiga kila nukta kwa mwale mara moja, nukta inang'aa kwa nguvu kisha mwanga wake mwingi unafifia ndani ya milisekunde moja au mbili, na kwa sehemu kubwa iliyobaki ya zile milisekunde 20 zinazopita kabla ya picha inayofuata nukta hiyo ni giza. LCD na OLED za kawaida huiwasha fremu, yaani picha moja kati ya zile zinazofuatana, na kuishikilia bila kuzima hadi fremu inayofuata ifike. Jicho la mtu anayefuata mpira halisimami. Linasogea kwa mfululizo, wakati fremu iliyo mbele yake imesimama kwa milisekunde 20 nzima, kwa hiyo picha ya mpira inaburuzwa juu ya retina, utando wa ndani ya jicho unaopokea picha. Kioo hakikuchora mkia wowote. Ukipiga picha ya mnato ya kila fremu utauona mpira mmoja safi, na ndiyo maana mzee hakuweza kuwashawishi wanawe aliposimamisha picha kwa rimoti ili awaonyeshe.

Urefu wa mkia huo unaweza kuhesabiwa. Tuseme mpira unavuka upana wote wa kioo cha inchi 55, ambao ni kama sentimita 122, kwa sekunde mbili. Kwa fremu 50 kwa sekunde, unasogea sentimita 1.2 katika kila fremu, na huo ndio mburuzo. Ikiwa wakati huo kamera inaonyesha mita 45 za uwanja, mpira wenye kipenyo cha sentimita 22 unaonekana ukiwa na upana wa milimita 6 tu. Mkia ni mara mbili ya mpira. Maandishi ya habari yaendayo taratibu, yakivuka kioo kwa sekunde nane, yanaburuzwa milimita tatu katika kila fremu, kiasi kinachotosha kabisa kuziba uwazi uliomo ndani ya herufi ndogo.

Kuna jambo jingine linaloongezea hapo, nalo ni kwamba chaneli za kawaida hurushwa kwa nusu-picha, mistari ya witiri kwanza na ya shufwa baadaye, 50 kwa sekunde. Chogo lilizichora nusu hizo kama zilivyokuja, kila moja kwa wakati wake. Kioo bapa kinalazimika kuziunganisha kuwa fremu kamili, na kikikosea kidogo, kingo za kitu kinachokimbia zinaota meno kama ya kitana. Tulipohamia HDMI na chaneli za ubora wa juu meno hayo yalipungua sana, jambo lililomfanya mzee akubali kwamba maandishi yamekuwa afadhali, ingawa hakukubali zaidi ya hapo.

Plazma iko kati ya pande hizi mbili. Vijichumba vyake huwashwa na kuzimwa mara nyingi ndani ya fremu moja, kwa mafungu ya urefu tofauti, ili jumla yake ilete kiwango cha mwangaza kinachotakiwa. Mwendo wake kwa hiyo ni safi kuliko wa LCD, japo haufikii wa chogo, na mtu mwenye jicho kali huona vumbi la rangi linalochemka katika maeneo ya giza. Ilikuwa na maradhi yake: joto, kioo kinachoakisi dirisha zima, na nembo za chaneli zinazoweza kuacha alama, maradhi ambayo OLED imerithi kwa kiasi fulani. Panasonic ilikomesha utengenezaji wake mwishoni mwa 2013, na Samsung na LG zikafuata mwaka uliofuata. Sikubaliani na wanaosema ilishindwa kwa picha, maana haikuweza kupunguzwa unene, kuongezwa pikseli na kupunguzwa umeme kwa kasi ambayo LCD ilifanyiwa hayo yote.

Tiba za mwendo zilizomo ndani ya televisheni mpya ni mbili, na zote zina gharama. Ya kwanza ni kubuni fremu za katikati, ili kioo kionyeshe 100 badala ya 50. Mkia unafupika kwa nusu, lakini filamu zinapoteza sura yake na kuonekana kama zimerekodiwa kwa kamera ya habari, na mguu wa mchezaji unapopita mbele ya mpira, televisheni hukisia vibaya na mpira huyeyuka kwa muda mfupi. Ya pili ni kuingiza giza kati ya fremu na fremu, yaani kukifanya kioo kipya kijifanye chogo. Mwendo unasafika kweli, ila mwangaza unapungua karibu nusu, na mtu anayeudhiwa na kumetameta ataudhika.

Mipangilio iliyobaki haikuchukua muda. Televisheni ilikuwa bado katika hali ya kung'arisha iliyotoka nayo kiwandani, ambayo imekusudiwa kushinda taa kali za dukani: weupe wake umeelekea buluu, rangi zimezidi, na ukali wa kingo umepandishwa hadi kila mtu ana uzi mweupe kumzunguka. Niliihamisha kwenye hali ya sinema na kushusha ukali karibu na sifuri. Kwa siku mbili za kwanza vijana walilalamika kwamba picha imekuwa ya manjano, na hayo, kwa maoni yangu, ndiyo yalikuwa mazoea ya kweli katika kisa hiki chote.

Uamuzi wangu ulikuwa kwamba hoja ya wanene ilitokana na kisimbuzi, ya nyasi ilitokana na urushaji pamoja na ukubwa wa kioo, ya giza ilitokana na kiti na aina ya kioo kwa pamoja, na ya mkia ilikuwa ya teknolojia yenyewe. Nilipendekeza kiti kisogezwe mbele ya kioo, jambo lililohitaji mazungumzo marefu kuliko kazi yote ya nyaya, kwa kuwa mzee hakutaka kuliacha dirisha lake. Mwishowe televisheni ndiyo iliyogeuzwa kidogo kumwelekea yeye, na kochi la vijana likabeba sehemu ya mshazari.

Nilirudi baada ya mwezi. Chogo lilikuwa limefunikwa kitambaa kwenye kona ya chumba cha ndani, halijatupwa. Nilimuuliza kuhusu picha naye akasema, "Fundi, watu wamepungua mwili, na giza limekuwa giza. Lakini mpira bado una mkia." Nilimwambia kwamba ni kweli unao, na nikamkumbusha ule mpangilio wa kuingiza giza kati ya fremu. Mchana alikuwa ameujaribu akaukataa kwa kuwa picha ilififia mbele ya dirisha, ila hakuwa amejaribu kuuwasha usiku. Usiku ule tuliuwasha, tukazima taa, tukatazama kipindi cha pili chote, naye hakuuzima.